Jumanne Kwenye Ngazi

Nimejaribu mara nyingi kujisuka mwenyewe. Husimama bafuni na vioo viwili, kimoja ukutani na kingine mkononi, na kila mara hushindwa pale pale kisogoni. Mistari ya mbele inakubali, ya pembeni inakubali kwa shida, ile ya nyuma inakwenda kombo mpaka naifumua kwa hasira. Mimi ni muuguzi. Mikono yangu inajua kuutafuta mshipa kwenye mkono wa mzee aliyebaki ngozi na mifupa, lakini nywele zangu za nyuma zimenishinda. Zamani sikuwa na haja ya kulijua hilo. Nilikuwa na mtu wa kunisuka, na nilimpoteza kwa kosa langu mwenyewe.

Kwetu ni Tanga. Naishi Riyadh, mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko ambalo dirisha lake linatazamana na jiko la jirani. Nilikuja kwa mkataba wa hospitali, kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na mwaka wangu wa kwanza sikumjua mtu. Nikitoka kazini nilikula mkate na jibini nikiwa nimesimama, kisha nikalala. Mama alipopiga simu nilimwambia niko salama, na kweli nilikuwa salama. Zilipita wiki nzima bila mtu kunigusa hata bega.

Ijumaa moja nilishuka kwenye bakala, kiduka cha chini ya jengo letu, simu sikioni, nikimlalamikia dada yangu kwamba bamia za huku hazina ladha. Nyuma yangu sauti ikasema kwa Kiswahili, "Ukizichemsha ndio zinakuwa hivyo. Zikaange."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, ndani ya abaya iliyomzidi urefu, amembeba mtoto wa Kiarabu ubavuni na katoni ya maziwa mkono wa pili. Mkenya, wa Nakuru, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba moja mtaa wa tatu kutoka kwangu. Aliniuliza kama naishi hapo juu, nikasema ndiyo. Akanitazama usoni kwa muda, bila haraka, mpaka nikaona aibu.

"Dada, usinishangae," alisema. "Ni miezi tatu sijaongea Kiswahili na mtu mwenye namwona sura. Ni simu tu."

Nikampa namba yangu papo hapo.

Kila Ijumaa baada ya sala, familia aliyoifanyia kazi ilikwenda kula chakula cha mchana kwa bibi yao mzaa baba. Madam, mwajiri wake, hakuwa mtu mbaya. Alimruhusu kutoka saa hizo mpaka karibu na magharibi, na dereva wao alimshusha mlangoni kwetu akiwa njiani. Alikuja na mfuko mweusi wa nailoni, ndani yake kitana cha mkia, kopo la mafuta na rasta zilizofungwa kwa mpira. Siku ya kwanza hata chai hakuingoja. Alinifunua kitambaa, akatazama kichwa changu, akaguna.

"Na hii ni nini? Wewe ni nesi ama ni mkulima?"

Akanikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, akanigawa nywele. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa sabuni na dawa za kufulia, vilikwaruza, lakini vilikuwa vyepesi. Nilifumba macho. Nakumbuka nilitaka kulia na sikujua kwa nini, maana sikuwa na huzuni yoyote.

Hapo ndipo nilipoijua tabia yake. Tukiwa tumekaa mezani, uso kwa uso, alikuwa mtu wa mzaha. Alinichokoza kwamba Watanzania tunaomba chumvi kwa maneno kumi na matano, kwamba mpaka nimalize kusema "naomba unisaidie" chakula kimepoa. Ukimuuliza habari za kazi alijibu "sawa tu" na kugeuza maneno. Lakini akishaanza kunisuka, akiwa nyuma yangu na mimi simwoni, alisema kila kitu. Alisema kuhusu mtoto wake wa kike aliyemwacha ana miaka minne, ambaye sasa akimwona kwenye video anamwita anti. Alisema kwamba siku fulani alijifungia stoo ya vyombo akaongea peke yake kwa Kikikuyu, apate tu kusikia. Alikiambia kisogo changu mambo ambayo uso wangu usingeambiwa. Na mimi, kwa kuwa sikuonwa, nilimjibu kwa yangu. Nilimwambia kuhusu ndoa yangu iliyovunjika, ambayo hata wenzangu wa wodini hawaijui mpaka leo.

Wengine waliongezeka. Alikuja mama mmoja Mzanzibari, mpishi wa shule, anayeishi mtaa wa Shumaisi na mumewe. Tulimwita mama wa Shumaisi tu. Wakaja na Wakenya wawili watatu waliokuwa wakibadilika kila mara. Ijumaa chumba changu kilikuwa na chapati, chai ya tangawizi, vichwa viwili vinasukwa kwa wakati mmoja, mtu anaimba pambio, mtu anaswali kwenye kona, na mama wa Shumaisi anatugombeza wote. Wiki ikianza nilikuwa nikicheka na wagonjwa wangu bila sababu. Mzee mmoja wa mashine namba sita alinifundisha kucheza na maneno ya Kiarabu, akasema nimekuwa mtu mwingine. Mimi nilidhani ni kwa sababu nimeizoea kazi.

Sasa nije kwenye ubaya wangu.

Mwaka wa pili nilianza kuchoka. Nilikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa ya kweli. Siku zangu za mapumziko zilikuwa mbili tu kwa wiki, Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi nilifua, nilipika, nilinyoosha sare. Ijumaa ilinipita mikononi mwa watu. Nilikuta nywele kwenye sinki, mafuta kwenye foronya, visigino vya watu kwenye godoro langu. Mazungumzo yalikuwa yale yale, madam kasema hivi, madam kasema vile. Nikaanza kuangalia kwenye simu video za watu wanaoongea polepole, wanaosema ulinde utulivu wako, upunguze watu, furaha iko ndani yako. Niliziamini. Nilijiona mimi ni mtoaji na wao ni wachukuaji, kana kwamba kile kisogo kilijisuka.

Ningeweza kusema ukweli. Ningesema, wapenzi, nimechoka, tukutane Ijumaa moja, inayofuata nipumzike. Wangenitania wiki mbili na kusahau. Lakini nilitaka niwakimbie na bado niitwe mwema. Nikaandika kwenye kundi letu la simu kwamba zamu zangu zimebadilishwa: Ijumaa niko kazini, siku yangu ya kupumzika sasa ni Jumanne, nimeumia sana lakini sina la kufanya.

Zamu haikubadilika hata saa moja. Na Jumanne sikuitaja kwa bahati. Nilikaa kitandani nikazipitia siku zote moja moja, nikatafuta ile ambayo hakuna mfanyakazi wa ndani Riyadh nzima angeipata. Jumanne watoto wana shule, madam yuko kazini kwake, dereva yuko barabarani, nyumba iko mikononi mwa dada wa kazi. Nilichagua siku hiyo nikajipongeza kwa akili.

Wote walinipa pole. Mama wa Shumaisi akasema basi watakusanyika kwake. Yeye wa Nakuru aliandika neno moja tu la huruma, "Woiye." Nikaizima sauti ya kundi.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa tamu, sitadanganya. Nililala mpaka adhuhuri, nikaoga kwa muda mrefu, nikanywa kahawa kwenye kochi safi. Ya pili pia. Ya tatu nilianza kusikia saa ya ukutani. Halafu kulikuwa na jambo ambalo sikulipigia hesabu: nilikuwa nimesema niko kazini, kwa hiyo sikuweza kutoka. Ningekutana na mmoja wao bakala au kituo cha basi. Nikawa najifungia, pazia limeshushwa, naenda jikoni bila viatu ili jirani asisikie hatua. Mwanamke mzima, mwenye ikama yake, kibali halali cha kuishi, na kodi iliyolipwa, najificha nyumbani kwangu kama mwizi. Nikiendelea kuangalia zile video za utulivu.

Ilipita miezi miwili. Nywele nilizifunga tu chini ya kitambaa cha kazini, zikaanza kushikana.

Jumanne moja nilirudi kutoka kazini alasiri, nikamkuta haris, mlinzi wa jengo letu, mzee wa Kisudani, anafagia ngazi. Akaniambia kuna mwanamke amekuja kuniulizia, yule rafiki yangu wa Ijumaa mwenye mfuko mweusi. Amenisubiri kwenye ngazi, mbele ya mlango wangu, zaidi ya saa mbili. Ameacha kitu. Akanipa mfuko mdogo: chapati nne zimefungwa kwenye foili, na kopo la mafuta ya nywele, jipya.

Nilisimama pale na zile chapati mkononi. Sikuelewa amewezaje kupata Jumanne. Sikutaka kuelewa. Nilimwandikia haraka kwamba samahani, leo hospitali iliniita kwa dharura, wiki ijayo bila shaka.

Akajibu, "Haina shida dada. Pole na kazi."

Wiki iliyofuata ningeweza kubadilishana zamu na mtu, nimngoje. Nilifikiria. Kisha nikajiambia nikifanya hivyo mara moja nitalazimika kufanya kila wiki. Nikaenda kazini. Nilikuwa nachomeka sindano kwenye mkono wa yule mzee wa namba sita huku najua kwamba mtu yuko kwenye ngazi zangu. Jioni haris akasema, amekuja tena. Nikaandika dharura nyingine. Safari hii hakujibu, na haris hakuniambia tena kwamba amekuja. Nikajua ameelewa, amekata tamaa, yamekwisha. Nikasema halas, basi, na usiku ule nilipata usingizi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilipata usingizi.

Mama wa Shumaisi ndiye aliyenifungua macho. Alikuja hospitali kwetu na mumewe, presha imempanda, tukakaa pamoja kwenye viti vya nje tukimsubiri daktari. Aliniuliza kwa nini nimekonda. Nikasema kazi. Akatazama mikono yake.

"Mwenzio wa Nakuru kahamia Jeddah, umeagana naye?"

Nikasema sikujua.

"Wamehama nyumba nzima, baba kapata kazi kule. Masikini, wala kwangu hakuja muda mrefu. Tangu kubadilisha siku yake."

"Kubadilisha vipi?"

Akanigeukia. "Kwani hujui, mwanangu? Si kwa ajili yako? Kambembeleza madam wake miezi miwili ampe Jumanne. Madam anamwambia Jumanne haiwezekani, nani atabaki na mtoto. Yeye anang'ang'ania, Jumanne, Jumanne. Mwisho madam akakubali, kazini kwake akaomba ruhusa ya nusu siku, mwenyewe abaki na mtoto. Lakini akamwambia, basi Ijumaa sahau, Ijumaa utafuatana nasi kwa bibi ukahudumie wageni kahawa. Mimi nikamwambia unafanya nini wewe, huku tuko watu sita, kule yuko mmoja. Akanijibu, mama, yule hana mtu wa kumsuka."

Daktari akaita jina la mumewe, wakaondoka. Mimi nilibaki kwenye kile kiti mpaka msimamizi wangu akanifuata.

Yule hana mtu wa kumsuka. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayempa yeye chumba, chai na kampani. Kumbe kwa macho yake mimi ndiye nilikuwa mpweke, na alikuwa amepigana na madam wake kwa ajili yangu, kwa Kiarabu chake cha jikoni, akaitoa siku aliyokuwa nayo. Akaipoteza Ijumaa, na Shumaisi, na zile chapati na pambio, akapewa Jumanne ambayo ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Nilipoichagua siku ambayo hakuna ambaye angeipata, sikufikiri kwamba kuna mtu angeitafuta.

Nilimtumia ujumbe. Nilimwandikia mrefu nikaufuta, mfupi nikaufuta, mwisho nikaandika kwamba nakuja Jeddah likizo, ningependa kumwona. Alijibu baada ya siku mbili. Madam wake ni yule yule, nyumba ni mpya, na Ijumaa amerudishiwa. Huwa anakwenda mtaa wa Karantina, kuna mama mmoja Mkenya ana chumba pale, wanakutana. Akanitumia ramani.

Nilipanda ndege asubuhi, nikafika Karantina baada ya sala. Jeddah kuna joto la unyevu, nguo inakushika mgongoni kama umemwagiwa maji. Chumba kilikuwa chini, mlango wazi umezibwa kwa shuka, na kabla sijaifunua nilisikia vicheko, nikasikia na sauti yake katikati, anamwambia mtu kwamba kichwa chake ni kigumu ndani na nje.

Aliponiona aliinuka, akanikumbatia. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye dada nesi wa Riyadh," na wote wakanipa mkono, wakanipisha, wakaniletea chai. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa mzima. Nilimwomba tutoke nje mara moja, na pale ukutani, penye kivuli cha shuka, nilimwambia. Sikumficha kitu. Nilimwambia zamu haikubadilika, Ijumaa zote nilikuwa ndani, Jumanne niliichagua makusudi, dharura zote mbili zilikuwa uongo.

Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anakung'uta nywele zilizoshika abaya yake.

"Nilijua, dada," akasema.

"Tangu lini?"

"Hiyo siku ya kwanza. Yule mzee wa gate alinishangaa. Akaniuliza, mbona unakuja Jumanne, daktari, vile anakuita, hufanya kazi kila Jumanne tangu ahamie hapa. Nikajua tu."

"Lakini ulirudi wiki ya pili."

"Nilirudi mpaka tuhame. Kila Jumanne. Nilimwambia yule mzee asikwambie, usije ukaona nakusumbua." Aliinua macho, hakuwa na hasira hata kidogo, na ningeipenda zaidi hasira. "Sasa ningeenda wapi? Kwa madam nimeshasema naenda kwa rafiki yangu. Siwezi kumwambia amepoteza nusu siku yake bure. Na Jumanne watu wote wako kazi. Kwako kwa ngazi kulikuwa na kivuli. Nilikuwa nakaa pale naongea na mtoto wangu kwa simu, ama nakaa tu. Ikifika saa naenda."

Nikamwambia nisamehe. Akasema alishanisamehe kitambo, asingenitumia ramani kama asingekuwa amenisamehe. Nadhani ni kweli. Halafu akanivuta kitambaa kidogo pembeni, akaona nywele zangu, akaguna kama siku ile ya kwanza, na mimi nikapata matumaini.

"Kuja," akasema. "Huwezi rudi Riyadh hivi."

Alinikalisha sakafuni katikati ya magoti yake. Alinichambua nywele zilizoshikana kwa subira, akanitia mafuta, akapiga mstari wa kwanza na ule mkia wa kitana. Vidole vilikuwa vile vile, vilikwaruza pale pale. Nilifumba macho nikangoja. Nilijua atakapofika kisogoni ataanza, ataniambia habari za mtoto, za nyumba mpya, za zile Jumanne. Nilikuwa tayari kusikia lolote. Hata kama angenitukana huko nyuma ningefurahi.

Alizungumza, lakini si na mimi. Alizungumza na yule mama mwenye chumba, na msichana wa mlangoni, juu ya kichwa changu, kuhusu pambio la Ijumaa ijayo na nani ataleta unga. Aliwachekesha. Mikono yake ilikwenda haraka, mstari baada ya mstari, mpaka wa mwisho wa chini kabisa, na kisogo changu hakikuambiwa neno.

Alipomaliza alinipangusa shingo kwa kitambaa, akanipa vioo viwili nijione nyuma. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri sana.

"Iko sawa, dada?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema, nikainuka, akamwita msichana wa mlangoni aje akae.